Bima kubwa, bima ndogo, NHIF au kikoba: ukiwa na duka Dar, hela ianzie wapi?

Kuna kitu nakiona sana kwa wafanyabiashara wa hapa mjini na kila nikikiona nashindwa kunyamaza. Mtu ana gari, Toyota IST ya milioni 12, kaikatia bima kubwa, roho imetulia kabisa, halafu ana fremu Kariakoo imejaa mzigo wa milioni 60 na haina bima hata ya mia. Ukimuuliza anakwambia trafiki hawaji dukani kuangalia stika. Ni kweli hawaji, na ndo tatizo linapoanzia, maana wengi wetu tunakata bima kwa kumwogopa askari na sio kwa kujiuliza kitu gani kikipotea leo kesho hatufungui.

Sasa tupige hesabu kabisa tusiongee hewani. Chukua duka la mfano, la kawaida tu: fremu ya vifaa vya umeme Kariakoo, stoku ya milioni 60, wafanyakazi sita, watano wanalipwa laki tatu na nusu kila mmoja na meneja laki tisa na nusu, jumla ya mishahara milioni 2.7 kwa mwezi. Meneja ana mke, watoto watatu, na mama yake yuko Muheza ana sukari na presha. Mwenye duka anakaa Kimara na gari lake ni hiyo IST. Namba nyingi huko chini nazipiga kwa hawa watu, wewe weka zako.

Yale ambayo huna uchaguzi

NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) hazina mjadala, ukiwa na mfanyakazi hapa bara unalipa, basi. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida kumi ya mwajiri kumi ya mfanyakazi. WCF ni asilimia 0.5 ya mishahara yote na ni ya mwajiri peke yake, humkati mfanyakazi hata shilingi. Kwa sekta binafsi ilianza na asilimia 1 mwaka 2015, ikashuka 0.6 mwaka 2021, sasa hivi 0.5. Kwa duka letu ni 13,500 kwa mwezi, yaani 162,000 kwa mwaka. Hela ya vocha.

Nimeitaja WCF kwa sababu watu huwa wanalinganisha na bima ya ajali ya kundi inayouzwa na kampuni binafsi wakidhani ukiwa na moja huhitaji nyingine. Sio kitu kimoja. Kijana wako akiangukiwa na boksi la feni akiwa anapakua mzigo, hiyo ni WCF: matibabu, malipo ya kipindi ambacho hawezi kufanya kazi, fidia ya ulemavu kama atabaki nao, na akifariki wategemezi wake wanalipwa. Kijana huyohuyo agongwe na boda Jumapili akitoka kuangalia mpira Tandika, WCF haihusiki kabisa maana hakuwa kazini. Bima ya ajali ya kundi yenyewe mara nyingi inafunika masaa 24, ila inalipa kiasi kilichoandikwa tu, hata kama hasara yako ni kubwa kuliko hapo. Kwa duka la watu sita mimi ningeiweka mwisho kabisa kwenye foleni, hela ikibaki sawa, isipobaki hamna aibu. Ila angalia kitu kimoja, yule boda anayekupelekea mizigo kwa wateja na unamlipa kwa tripu, kama hayupo kwenye mishahara yako basi hata kwenye WCF yako hayupo, na siku akivunjika mguu na mzigo wako begani utajua kwamba mlikuwa hamjaelewana vizuri.

Gari: bima ndogo au kubwa

Hapa nitapita haraka maana watu wanalijua. Thedi pati, yaani hiyo bima ndogo, kwa gari binafsi ni 118,000 ikiwa na VAT humo ndani. Bima kubwa, namba utakayoisikia sana ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kwa hiyo IST ya milioni 12 ni 420,000, ongeza VAT ya asilimia 18 inakuja 495,600. Tofauti ni 377,600 kwa mwaka. Thedi pati inamlipa uliyemgonga, wewe na gari lako mtajijua. Kubwa inalipa na gari lako, kasoro eksesi, kile kiasi cha mwanzo ambacho lazima utoe mfukoni kila ukidai. Katikati kuna ya tatu ambayo mawakala hawaitaji sana, thedi pati pamoja na moto na wizi, kwa anayeogopa gari kuibiwa kuliko kuligonga.

Kama gari ni la mkopo benki itakuchagulia yenyewe. Kama ndo linaleta hela nyumbani, mfano unafanya Bolt au unasambazia mzigo, kata kubwa, ila SEMA UKWELI kwamba ni la biashara. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likapata ajali na abiria wa kulipa nyuma linaipa kampuni sababu nzuri sana ya kukukatalia. Lakini kama ni gari la kwenda kazini na kanisani tu, likifa utaumia, utapanda mwendokasi miezi kadhaa, maisha yataendelea. Duka likifa hamna mwendokasi wa kupanda.

Mzigo dukani: hapa ndo pa kukaa kidogo

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa likaanguka hapohapo Kariakoo, watu wakafa na mizigo ikabaki chini ya kifusi. Nazitaja hizi mbili pamoja makusudi kwa sababu kwenye bima ni vitu viwili tofauti kabisa, na hapa ndo bima ya bei chee na bima ya bei kidogo zinapoachana.

Bima ya moto ya kawaida inalipa moto, radi na milipuko ya aina fulani. Vitu vingine vyote vinaongezwa kimoja kimoja kwa hela ya ziada: mafuriko, dhoruba, bomba la maji kupasuka, gari kuparamia duka, fujo na migomo. Vurugu za kisiasa ndo kabisa, mara nyingi ni kava (kinga) yake peke yake, usidhani iko ndani ya neno fujo. Na jengo kuanguka lenyewe, bila moto wala tetemeko, kwenye mkataba wa moto mtupu halimo. Kwa hiyo ukipewa kotesheni mbili, moja 180,000 na nyingine 290,000, usikimbilie ya kwanza, geuza ukurasa uone ya pili imeongeza nini. Mara nyingi tofauti yote iko hapo. Kama stoo yako iko Jangwani, Kigogo au popote karibu na Mto Msimbazi, ukinunua bima isiyo na mafuriko umemnunulia wakala chakula cha mchana.

Bei yenyewe kwa fremu ya tofali na bati huwa ni sehemu ndogo ya asilimia moja ya thamani ya mzigo. Tuseme umepewa asilimia 0.4: milioni 60 inakuja 240,000, na VAT 283,200. Rudi juu uangalie ya IST tena. Laki nne na tisini na kitu kwa kitu cha milioni 12, laki mbili na themanini kwa kitu cha milioni 60. Mimi nikionyesha watu hizi namba mbili huwa wanacheka kwanza.

Afu kuna mtego mmoja ambao unamaliza watu wengi kuliko moto wenyewe, wa kuandikisha thamani ndogo. Mtu ana mzigo wa milioni 60 anaandika milioni 30 ili alipe nusu, kichwani anawaza "hata ikitokea haliungui lote". Sawa, haliungui lote, inaungua rafu moja, hasara milioni 20. Anajua atalipwa 20 maana iko chini ya 30. Halipwi 20. Kampuni inasema bwana ulikatia nusu ya mzigo, kwa hiyo kwenye kila hasara sisi tunabeba nusu na nusu nyingine ulikubali kuibeba mwenyewe, chukua milioni 10 kasoro eksesi. Hamna wizi hapo, kipengele kipo kwenye karibu kila mkataba wa mali, kinaitwa kanuni ya wastani, na hata wakala akisahau kukwambia kinafanya kazi vilevile. Na thamani ya kuandika ni ya wakati mzigo umejaa, sio wa mwezi wa pili duka limepwaya. Kama kuelekea Idi na Desemba stoku yako inapanda mpaka milioni 90, waambie, wanaweza kukuongezea kwa hiyo miezi.

Kingine cha kusoma ni anwani. Kwenye karatasi ya kwanza ya mkataba, ile yenye jina lako na kiasi, kuna mstari wa mahali mali ilipo. Unakuta imeandikwa fremu ya Mtaa wa Kongo, wakati robo tatu ya mzigo iko stoo Mtaa wa Narung'ombe ghorofa ya pili. Stoo ikiungua huna bima, una bima ya fremu iliyo salama. Kuongeza anwani ya pili ni kitu cha dakika tano kabla, na hakiwezekani baada.

Wizi nao una masharti. Bima ya wizi wa kuvunja inataka ionekane pamevunjwa: kufuli limekatwa, bati limetobolewa, mlango umeng'olewa. Mzigo ukipungua kidogo kidogo na hujui nani, hiyo sio kuvunja. Akiiba mfanyakazi wako ni bima nyingine ya uaminifu wa wafanyakazi. Hela taslimu dukani au njiani kwenda benki, nyingine tena. Kampuni kadhaa zinauza kifurushi cha duka kinachofunga hivi vyote pamoja, na kwa mtu wa saizi ya mfano wetu kifurushi kwa kawaida kina unafuu kuliko kununua kimoja kimoja, ila angalia kila kipande kina kiasi gani, maana unaweza kukuta moto milioni 60 halafu hela taslimu laki tano.

Na ushahidi. Hii inauma kuisema ila ndo ukweli: wafanyabiashara wengi mzigo wao haupo kwenye karatasi. Siku ya klemu, yaani ya kudai fidia, kampuni inatuma mkadiriaji, anaomba risiti za manunuzi, anaomba rekodi za mauzo za mashine ya risiti, EFD, anaomba daftari la stoku. Kama kwa TRA unaonekana unauza milioni 3 kwa mwezi, kumshawishi mtu kwamba ulikuwa na mzigo wa 60 ni kazi ngumu sana. Kitabu cha stoku nacho kiwe picha kwenye simu au kwenye imeili, kikikaa dukani kinaungua na duka.

Afya ya wafanyakazi: NHIF, kampuni binafsi, au mfuko wa bosi

Ya tatu ndo inatumika zaidi mjini, yaani kijana anaumwa, bosi anatuma elfu hamsini kwa simu, yanaisha. Kwa malaria na tumbo inatosha kabisa na siwezi kuibeza. Shida ni ile moja inayokuja bila hodi, operesheni, kulazwa chumba cha uangalizi maalumu, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Hapo bosi anatoa milioni moja, familia inaanza kuchangishana kwenye grupu, na duka linapungua mtaji kimyakimya. Kwa hiyo mfuko wa bosi uendelee kwa vidogo, tuongelee vikubwa.

NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa mwajiriwa ni asilimia 6 ya mshahara, tatu tatu. Kadi inamhusu mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne. Kampuni binafsi wao hawaangalii mshahara, wanaangalia vichwa, umri na kiwango cha juu unachotaka, halafu wanakupa bei ya mwaka.

Hiyo tofauti ya asilimia na vichwa ndo inaamua karibu kila kitu. Asilimia 6 mara miezi 12 ni sawa na asilimia 72 ya mshahara wa mwezi mmoja. Kijana wa laki tatu na nusu mchango wake wa mwaka mzima ni 252,000, na humo kuna yeye, mke na watoto. Kampuni binafsi haiwezi kukupa familia nzima kwa hela hiyo, usihangaike kutafuta. Meneja wa laki tisa na nusu ni 684,000 kwa mwaka, watu sita. Sasa njoo kwa mtu wa mshahara wa milioni 4, mchango wake unafika 2,880,000, na hapo akikuletea kotesheni ya binafsi ya milioni 2.5 kwa familia yake ana hoja. Kwa kifupi, mishahara ikiwa midogo na familia kubwa NHIF inashinda kwa mbali, mishahara mikubwa na familia ndogo mambo yanabadilika. Duka letu zima ni 162,000 kwa mwezi, bosi anatoa 81,000.

Halafu kuna mama wa Muheza. NHIF inakubali wazazi kuwa wategemezi, wako au wa mwenza wako, na haimkatai kwa sababu ana sukari. Nenda kampuni binafsi na mama wa miaka 67 mwenye presha uone sura zao. Wengi wana ukomo wa umri wa kuingia, na ugonjwa uliokuwa nao kabla ama haufunikwi, ama una kipindi cha kusubiri, ama umewekewa kiasi kidogo. Kwa Mtanzania wa kawaida mwenye mzazi kijijini hiki peke yake kinatosha kuamua, na kadi inasoma hospitali ya wilaya huko huko, wakati mtandao wa hospitali za bima binafsi umejaa zaidi mijini.

Lakini binafsi nao wana mahali wanaposhinda na ni vibaya kujifanya hatuoni. Foleni ni fupi, hospitali ni zile ambazo watu wanazipenda, ukiwa na swali kuna mtu anapokea simu. Na NHIF imeshawahi kukwama kwenye hospitali binafsi: Machi 2024 ulipoanza kutumika utaratibu mpya wa bei za huduma, hospitali kadhaa binafsi, zikiwemo kubwa za hapa Dar, zilisitisha kuwahudumia wanachama wake zikigombania bei. Dawa nazo, unaweza kuambiwa hii haipo kwenye orodha kanunue nje. Kwa mtu ambaye hospitali yake ni moja tu na hataki nyingine, aulize kwanza pale mapokezi kama kadi inakubalika leo, sio mwaka juzi.

Upande wa binafsi kitu cha kuogopa ni kima cha juu. Kadi inaandikwa milioni 20 kwa kulazwa na unajiona tajiri, ila matibabu ya kwenda na kurudi ni milioni moja kwa familia nzima, meno laki mbili, miwani laki mbili, uzazi una kiasi chake na unasubiri miezi kadhaa ndo uanze kuutumia. Familia yenye watoto wadogo inamaliza ile milioni moja kabla ya Oktoba na kadi inabaki ya mapambo mpaka mwaka uishe.

Na kwa kikundi kidogo kama cha watu sita kuna jambo ambalo wauzaji hawaliongelei wakati wa kusaini. Bei ya mwaka wa pili inategemea mmetumia kiasi gani mwaka wa kwanza. Kampuni ya watu 300 mmoja akifanyiwa operesheni kubwa haionekani kwenye hesabu. Kampuni ya watu sita mmoja akifanyiwa, barua ya kuhuisha inakuja na bei imeruka, na bosi anabaki anachagua kulipa, kushusha kiwango cha wote au kuacha kabisa. NHIF haikupandishii asilimia kwa sababu kijana wako mmoja aliumwa sana.

Malipo pia yako tofauti. NHIF inakwenda kila mwezi na mshahara, ila ukichelewesha michango kadi za watu zinaweza kufungwa, na mfanyakazi anagundua akiwa dirishani na mtoto mgongoni, hapo utamwangaliaje. Binafsi unalipa ya mwaka kwa mkupuo, maana kwenye bima zetu sheria ni hela kwanza kava baadaye. Kwa biashara ndogo kutoa milioni kadhaa siku moja sio mchezo.

Bunge lilishapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na lengo lake ni kila mkazi awe na bima. Kwa hiyo mwajiri anayesema mimi sihusiki na afya ya wafanyakazi, muda wake unaisha. Mimi kwa duka la mfano naenda NHIF bila kusita, na kama meneja ni mtu unayeogopa kumpoteza mwongezee kitu kingine juu, wengine wanamnunulia na bima binafsi, ila anza na ile ya wote.

Kikoba au bima

Kuna watu wanasema mimi nina kikoba, cha bima cha nini. Na kwenye msiba wako sahihi. Mzazi akifariki kikoba kinatoa hela siku hiyohiyo, hakiulizi fomu wala cheti cha kifo, na watu wanakuja wenyewe na turubai na sufuria. Bima ya mazishi ipo, ni nzuri kwa familia isiyo na kikundi, ila kwa kasi na kwa utu kikoba kinaipita.

Ila jiulize wenzako wa kikoba ni kina nani. Kama ni majirani wa soko lilelile, siku soko likiungua mnaungua wote pamoja, na anayetakiwa kukuchangia naye anatafuta wa kumchangia. Bima inafanya kazi kwa sababu hela yako imechanganywa na ya mtu wa Mwanza na wa Mbeya ambao hawakuungua siku hiyo, na kampuni yenyewe imejikatia bima mtawanyo, yaani bima ya kampuni za bima, kwa wakubwa kama TAN-RE na wengine wa nje ya nchi. Kwa hiyo msiba, harusi, ada ya mtoto iliyopelea, hayo ni ya kikoba. Moto, mafuriko, mambo yanayopiga mtaa mzima kwa pamoja, usikitwishe kikoba mzigo huo.

Ununue wapi

Wakala anaiwakilisha kampuni ya bima, broka anakuwakilisha wewe, na wote wawili kamisheni yao inatoka kwa kampuni. Kwa thedi pati nenda kwa wakala yeyote aliyesajiliwa, hamna cha kujadiliana. Kwa bima ya duka na ya afya ya kundi mimi ningetafuta broka, kwa sababu analeta kotesheni za kampuni tatu nne mkae mzipitie, na siku ya klemu ana sababu ya kusimama upande wako, akikutelekeza, mwaka ujao unahama na kamisheni yake inahama.

Benki nazo siku hizi zinauza bima na ni rahisi, unakata palepale unapochukulia mkopo. Hapa kuna kuchanganyikiwa kukubwa. Mtu anasema "duka langu lina bima, nilikatwa kwenye mkopo". Ukisoma unakuta ni bima ya mkopo, ukifariki au ukipata ulemavu wa kudumu deni linalipwa, mzigo haumo. Au umo, ila kwa kiasi cha mkopo tu na anayelipwa wa kwanza ni benki. Una mkopo wa milioni 15 na mzigo wa 60, moto ukipita benki inachukua chake na wewe unabaki na majivu, ingawa kila mwezi ulikuwa unajua una bima.

Kwa hiyo kwa yule mwenye duka wa Kimara foleni yangu iko hivi: NSSF na WCF kwanza maana hana hiari, kisha moto wa dukani kwa milioni 60 kamili na mafuriko na fujo vikiwemo, kisha NHIF kwa wote sita, IST irudi thedi pati, na ile 377,600 iliyookolewa kwenye gari inalipa bima ya moto na chenji inabaki ya kuongezea kava. Kama ana mkopo na watoto wadogo ningeongeza bima ya maisha ya muda maalumu, ile ya kawaida isiyo na akiba ndani yake, ambayo bei yake huwa ndogo kuliko zile zenye akiba. Ajali ya kundi na bima binafsi ya afya zisubiri mwaka wenye faida nzuri.

Ukishalipa usiondoke na maneno. Hakiki bima yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mtandaoni siku hiyohiyo, kama ni gari weka namba ya gari uone jina la kampuni na tarehe, maana stika za uongo zimewahi kuuzwa sana mjini hapa. Omba mkataba wenyewe, sio risiti na karatasi ya juu peke yake. Likitokea la kutokea toa taarifa polisi au zimamoto na kwa kampuni mapema, usianze kufagia kabla mkadiriaji hajaja. Na ukikataliwa klemu usikubali jibu la simu, omba barua inayotaja kipengele walichokukatalia nacho, kipeleke hicho kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, kabla hujafikiria mahakama.